Makaa Yaliyoiva

Metrine Naliaka alilelewa na makaa. Mamake, Roselyne, aliyauza kwa debe katika soko la Chwele, huko Bungoma, na ndiyo yaliyowalisha Metrine na wadogo zake, yakawavisha, yakawasomesha mpaka pale yaliposhindwa. Akiwa bado mtoto aliweza kugonga kaa kwa ukucha akakuambia limetoka mti gani. La mti mgumu hulia kama kigae. La mti laini halisemi kitu, huacha tu vumbi kidoleni.

Nyumba yao ya kupikia ilikuwa na kuta za udongo zilizopasuka, na paa lilikuwa limeachana na ukuta hata kuku akapita. Humo jiko liliwaka kutwa, na msimu wa mvua watoto walilizunguka wakaota moto mpaka wakasinzia, wakaamka wazima. Kuhusu moto Roselyne alikuwa na onyo moja tu. "Moshi ndio adui," alisema. "Ngoja makaa yaive. Yakishakuwa mekundu hayana neno."

Metrine alikua, akaolewa, akaachwa akiwa na binti mmoja, Mitchelle. Alipoona kuwa sokoni hakuna atakachovuna zaidi ya alichovuna mamake, alimwachia Roselyne mtoto, akaenda Saudia kufanya kazi za ndani. Alifikia Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kwa Madam Hanan, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo unaobadilika kama hali ya hewa. Mumewe, ambaye wafanyakazi walimwita baba, alikuwa na cheo katika ofisi za bandari. Kazi ilikuwa nyingi lakini chakula hakikupimwa, na simu yake hakunyang'anywa. Metrine alihesabu hayo kuwa bahati, kwa maana alikuwa amesikia ya wenzake.

Baadaye akaletwa Winfred, msichana wa Mwingi, Mkamba mwembamba asiyejua kunyamaza. Alikuwa akipiga pasi huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na madam akitokea mlangoni, wimbo uligeuka kikohozi. Usiku wa kwanza alilia mpaka mto ukalowa. Metrine hakumwambia nyamaza. Alimsogelea tu, akamfunika vizuri, na tangu siku hiyo Winfred alimwita Dada Met, na Metrine akamwita Winnie.

Jeddah haina baridi ya kutaja. Bahari iko karibu na joto halina likizo. Kwa hiyo baba alipopata kazi mpya makao makuu na familia nzima ikahamia Riyadh, wale wawili hawakufikiria kufungasha sweta. Jangwani, walidhani, ni jua tu.

Walifika kabla majira hayajageuka. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, na chumba cha wafanyakazi kilikuwa juu kabisa, kwenye dari la wazi kando ya matangi ya maji. Kilijengwa kwa matofali membamba, mlango wa bati la alumini, dirisha moja, na tundu ukutani mahali ambapo zamani kulikuwa na kiyoyozi. Upepo wa kaskazini ulipoanza, ulipita humo kama mwenye nyumba. Ni baridi kavu, isiyo na ukungu wala umande wa kukuonya, nayo inaingia kwenye mfupa moja kwa moja. Asubuhi maji ya bomba yalikata vidole.

Basi wakaziba. Walisokota matambara wakayasindilia kwenye lile tundu. Dirisha walilipiga utepe wa kufungia maboksi pande zote nne. Chini ya mlango waliweka blanketi kuukuu lililoviringishwa. Winfred alirudi nyuma akaitazama kazi yao, akacheka.

"Dada Met, hapa hata nzi hawezi kuingia bila ikama, bila kibali cha kukaa."

Baba aliwapa hita ya umeme iliyokuwa imekaa stoo, ya nondo mbili zinazowaka nyekundu nyuma ya wavu. Waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo waliuchomeka kwenye ekstenshoni ileile waliyochajia simu. Jioni moja baada ya kuosha vyombo vya chakula walisikia harufu ya plastiki inayoungua. Ekstenshoni ilikuwa imelainika kama ugali, na kwenye plagi palikuwa panarukaruka cheche za buluu. Winfred alinyakua kikombe cha maji.

"Wacha! Ni stima hiyo!" Metrine alimshika mkono maji yakamwagika sakafuni mbali na moto. Alikimbilia swichi kubwa kando ya mlango, akaizima, chumba kikawa giza, na zile cheche zikafa zenyewe. Wakabaki wameshikana, wananusa.

Madam Hanan alipanda na tochi ya simu. Alitazama ukuta uliopata doa jeusi, akaweka mkono kifuani.

"Ya Allah! Mtaniteketezea nyumba na watoto wangu ndani. Halas, basi! Mafi hita, hakuna hita tena!"

"Madam, baridi ni kali sana," Metrine alisema. "Winnie ameanza kukohoa."

"Bukra, kesho, inshallah, baba atanunua nyingine. Sasa leteni hiyo."

Hita ikateremshwa. Bukra ilikuja ikapita, na nyingine ikaja ikapita. Madam hakuwa amekataa. Alisahau tu, kwa sababu chini kulikuwa na joto, na mwenye joto hakumbuki. Metrine alikumbusha, akakumbusha tena, kisha akaogopa kuonekana msumbufu. Madam alimpa Winfred dawa ya kikohozi na soksi za watoto zilizokuwa zimewabana wenyewe.

Makaa Metrine aliyakuta hapohapo kwenye ile nyumba. Mama yake baba, bibi mzee aliyeitwa na wote Mama Kubwa, hakupenda hita. Alipenda mangali, lile karai la chuma lenye miguu ambalo Waarabu hutilia makaa wakaota moto sebuleni, huku birika la kahawa likikaa pembeni. Waliokuwa wakimwashia kabla walimletea moshi. Metrine alipopewa kazi hiyo aliwasha makaa nje uani, akangoja, akayapepea, akaingiza karai likiwa jekundu tupu. Mama Kubwa alifurahi akampiga bega.

Jambo moja bibi huyo hakuliacha. Hata upepo uvume vipi, hakukaa mbele ya mangali kabla dirisha halijafunguliwa upenyo. "Shubbak, ya binti," alisema akionyesha kwa kidole, na Metrine akafungua. Alidhani ni ya kutoa harufu ya udi. Hakuuliza, wala hakuambiwa.

Ikaja Ijumaa moja ya mawingu. Familia ilikuwa imeamua kwenda kushinda jangwani kwenye mahema, kama wafanyavyo watu wa kule wakati wa baridi, na kulala huko. Waliondoka asubuhi na magari mawili, mizigo, kuni na watoto wakipiga kelele. Baba alifunga geti kwa nje, kama alivyozoea. Wafanyakazi waliachwa kusafisha, kwa sababu usiku uliotangulia kulikuwa na wageni.

Kabla ya adhuhuri mvua ikashuka, mvua ya Riyadh isiyojua kunyesha pole pole. Winfred alikuwa akifuta ngazi. Metrine alimkuta amekaa kwenye kidato, tambara mkononi, meno yanagongana.

"Winnie, uko na homa."

"Ni baridi tu. Nikimaliza hapa nitapata joto."

"Enda ukalale. Hii nyumba haina mtu wa kukuona leo."

Metrine alimpandisha juu, akamlaza kwenye godoro, akamfunika blanketi zote mbili. Msichana aliendelea kutetemeka chini yake kama kifaranga kilichonyeshewa. Ndipo Metrine akamkumbuka Mama Kubwa na mangali yake. Karai lilikuwa uani, gunia la makaa lilikuwa kando yake, na wenyewe walikuwa jangwani.

Alivipandisha juu, akawasha pale nje ya mlango wa chumba chao, chini ya kibanda cha matangi. Alifanya kila kitu jinsi mamake alivyomfundisha. Alingoja moshi uishe, akangoja tena mpaka makaa yakavaa jivu jembamba jeupe juu ya wekundu, yakawa mazuri kuyatazama. Kisha akaliinua karai kwa vitambaa, akaliweka katikati ya chumba, akausukuma mlango, na akalirudisha lile blanketi chini yake.

Winfred alitoa uso nje. "Haitatudhuru, Dada Met?"

"Itudhuru na nini? Mimi nimezaliwa kwa makaa. Kinachoua ni moshi, na hapa unaona moshi?"

Winfred alitabasamu. Alitoa mikono, akaielekeza motoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi vidole vyake vikatulia. "Woi, imenifikia mpaka kwa roho," alisema.

Maneno mengine hakuyasema. Metrine alishuka kumalizia vyombo na kupiga pasi kanzu za baba. Alichukua muda wake. Alifurahi hata, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya na mtu wake alikuwa kwenye joto. Alipopanda tena, mvua ilikuwa bado inapiga bati. Alifungua, akaingia upesi, akafunga upesi ili joto lisitoke, akalirudisha blanketi chini ya mlango. Winfred alikuwa amelala kifudifudi, shavu moja juu, na lile shavu lilikuwa na rangi nzuri. Metrine alimwangalia, akasema moyoni, asante Mungu, amepata usingizi. Akajinyoosha kwenye godoro lake karibu na mlango.

Kichwa kilianza kumgonga. Alifikiri ni uchovu. Kisha kikawa kama kimefungwa kwa kamba inayosokotwa, na tumbo likapanda kooni. Alitaka kuamka akatapike nje, lakini mawazo hayo yalikuwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Alijisikia anasinzia, na usingizi ulikuwa mtamu. Kilichomwokoa si akili yake. Ni matapishi. Yalimjia kwa nguvu, yakamkaba, yakamgeuza ubavu, na katika kujikunja huko mkono wake ukagonga mlango.

Alijaribu kusimama. Miguu haikuwa yake. Aliliondoa blanketi kwa kuliburuta, akaning'inia kwenye kitasa, mlango ukafunguka, naye akaangukia nje mvuani. Alilala pale akivuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Winnie," aliita. Ulimi ulikuwa mzito. "Winnie, toka."



Alirudi ndani kwa magoti, amebana pumzi. Alimshika Winfred kifundo cha mguu, akamvuta, akashindwa, akatoka, akavuta hewa, akarudi tena. Mara hii alishika ncha ya godoro akaliburuta na mtu juu yake, mpaka godoro likakwama mlangoni na Winfred akabiringika nje, uso juu, mvua ikimpiga machoni. Hakupepesa.

Metrine alijikongoja mpaka ukuta wa pembeni wa dari. Nyumba ya jirani ilikuwa na dereva Mkenya, Nehemiah, Mtaita wa Voi, aliyewasalimia kila asubuhi akiosha gari. Alipiga kelele jina lake, na alipoona halifiki alipiga mayowe tu, yale ya kwao, ya msiba. Mlango wa chini wa nyumba ile ukafunguka. Nehemiah akatoka, ameinua uso mvuani.

"Metrine? Ni nini?"

"Winnie haamki!"

"Mlikuwa na moto ndani?"

"Makaa! Makaa tu!"

Aliona uso wa yule mwanamume ukibadilika. "Mko nje sasa? Wote?"

"Tuko nje."

"Kaeni hapo hapo! Usirudi ndani hata kama umesahau nini! Mlango uache wazi. Napigia Difaa."

Difaa ndio wazima moto na waokoaji wa kule. Walikuja, wakakuta geti limefungwa, wakaegemeza ngazi ukutani kutoka upande wa Nehemiah. Vijana wawili waliovaa barakoa waliingia chumbani, mmoja akatoka na karai, akalimimina mvuani, na makaa yakalia kwa hasira. Wengine walipiga magoti kwa Winfred, wakamkandamiza kifua, wakamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha hewa. Metrine aliwaona wakitazamana.

"Ako na rangi!" aliwapigia kelele kwa Kiswahili, lugha wasiyoijua. "Mwangalieni midomo, ni mizuri, ako na damu! Ako hai!"

Winfred alifia palepale, au labda alikuwa amekufa tangu Metrine akipiga pasi kanzu. Hilo hakuna aliyeweza kumwambia.

Hospitalini walimfungia Metrine barakoa ya oksijeni, wakamwambia asiitoe. Muuguzi wa wodi alikuwa Mzanzibari, Ruqayya, mwanamke mtulivu aliyekuwa kazini huko kwa mkataba. Aliposikia jina la nchi ya Metrine kwenye mazungumzo ya madaktari, alikuja akavuta kiti.

"Pole, dada'angu. Mie naitwa Ruqayya. Usiseme sana, vuta pumzi."

Lakini Metrine alisema. Aliinua barakoa akasema hapakuwa na moshi. Alisema makaa yalikuwa yameiva, kwamba yeye si mjinga wa makaa, kwamba midomo ya Winnie ilikuwa na rangi ya afya.

Ruqayya aliirudisha barakoa mahali pake kwa upole. "Ile rangi ndiyo sumu yenyewe. Makaa yakiwa mekundu yanatoa hewa isiyoonekana wala kunuka. Inaingia katika damu, inakaa pahala pa hewa njema, na damu inakuwa nyekundu kuliko kawaida wakati mtu anakufa. Moshi una wema wake: utakutoa machozi, utakukohoza, utakukimbiza. Hii haikwambii kitu. Inakuumiza kichwa, inakulegeza, unadhani usingizi."

"Kwetu tunaota kila siku."

"Kwenu kuta zina matundu?"

Metrine alifikiri. Aliona kuku akipita juu ya ukuta. "Ziko nayo."

"Basi matundu ndiyo yaliyokuwa yakikulindeni," Ruqayya alisema.

Metrine aligeuza uso ukutani. Aliyakumbuka matambara waliyosokota, utepe wa dirishani, na Winfred akicheka kwamba nzi hawezi kuingia.

Askari alikuja kuuliza maswali, na Ruqayya akafasiri. Nani aliwasha moto? "Mimi," Metrine alisema. Ruqayya alimtazama kidogo kabla ya kulitia neno hilo katika Kiarabu. Askari aliuliza kama walikuwa wamegombana, na kama marehemu alikuwa na huzuni. Kisha akafunga mazungumzo: ajali. Alisema huona mengi ya namna hiyo baridi ikianza, hemani na majumbani, na wengine ni familia nzima.

Madam Hanan alikuja na sufuria ya mchuzi ambayo hakuna aliyeifungua. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Hamkujua?" alirudia. "Kila mtu anajua! Kila mwaka wanatangaza, kwenye televisheni, kwenye simu. Mpaka watoto shuleni wanafundishwa."

"Kwa Kiarabu, madam," Metrine alisema.

Madam akaketi kwenye ncha ya kitanda, akashika shela lake. "Hita nilisahau," alisema baadaye, kwa sauti ndogo ambayo Metrine hakuwahi kuisikia kwake. "Wallahi nilisahau."

Metrine hakuwa na nguvu za kumlaani wala za kumsamehe.

Wakala wa ajira aliyekuwa Nairobi alimpigia simu akiwa bado wodini. Alimwambia kwamba familia ya Winfred imeshaelezwa kuwa ni moyo. Amelala, moyo ukasimama. "Usiwaambie habari ya makaa," alisema. "Watu wa nyumbani watasema msichana alijiua, na kanisa litakataa kumzika. Wacha wazike kwa amani." Metrine alinyamaza, na wakala akauchukua ukimya huo kuwa ndiyo. Mwili ulichelewa sana kusafirishwa. Ulipozikwa Mwingi, yeye alikuwa amesharudishwa Jeddah. Baba, ambaye hakuweza tena kumtazama usoni, alimhamishia kwa dada yake madam, mtaa uleule wa Al-Rawdah alikoanzia.

Alidhani joto la Jeddah litamponya. Lilimponya mwili, si vyote. Alikuwa akiingia chumbani akasahau alichofuata. Kichwa kilimrudia mara kwa mara, na kila kilipomgonga aliamka kufungua dirisha hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, mpaka bosi mpya akalalamika kuhusu umeme. Hakuweza kuchoma udi. Kazi hiyo ikapewa Mfilipino waliyefanya naye kazi, na hakueleza kwa nini.

Majira ya baridi yaliyofuata yalipokaribia, Metrine alichukua simu akarekodi sauti. Aliituma kwenye kundi la akina mama Wakenya walioko Saudia, wale wa maombi ya Jumapili. Hakupamba. Alisema: msiingize makaa chumbani hata yakiwa mekundu, hata bila moshi, hata kwa dakika chache. Alisema: kichwa kikiwauma wawili chumba kimoja, tokeni, kwanza tokeni, maswali baadaye. Msizibe kila tundu. Hita ya umeme ichomekeni ukutani peke yake, izimeni kabla ya kulala. Akataja jina la Winfred na kusema jinsi alivyokufa, kwa kuwa aliona onyo lisilo na mtu ndani yake halisikilizwi.

Sauti hiyo ilizunguka ikafika mahali asipotarajia. Baada ya muda mfupi alipigiwa simu na mwanamke aliyejitaja kuwa Rispah, dada mkubwa wa Winfred. Naye alikuwa Jeddah. Baada ya mazishi nyumbani walihitaji mtu wa kutuma pesa badala ya Winfred, na akawa yeye.

Walikutana Balad, mji mkongwe wa Jeddah, siku ya mapumziko, alasiri, wakaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe iliyofungwa. Wachukuzi walipita na mikokoteni, mtu mmoja akipiga kelele apishwe, "yalla, yalla". Rispah alikuwa mnene kuliko mdogo wake na mzito wa maneno, lakini paji la uso lilikuwa lilelile, na Metrine alishindwa kulitazama.

"Sisi tuliambiwa ni moyo," Rispah alisema. "Mama anakunywa dawa za moyo mpaka leo, anafikiri ni yeye alimpatia huo ugonjwa. Halafu nasikia jina la Winnie kwa simu ya mtu."

"Nilitaka kuwaambia."

"Sasa niambie."

Metrine alimwambia yote, tangu tundu la ukuta hadi mvua. Hakuruka mahali Winfred alipouliza kama moto ule hautawadhuru, wala jibu alilompa. Sauti ilimkatika hapo, akairudia sentensi mpaka ikakamilika.

Rispah aliweka mikono katikati ya magoti. "Kwa hivyo ni wewe uliwasha."

"Ni mimi."

"Na alikuuliza."

"Aliniuliza."

Rispah alisimama. Metrine alifikiri atampiga, na alikuwa tayari. Lakini yule mwanamke aliitikisa tu abaya yake kuondoa vumbi la kizingiti. "Siwezi kukuambia ni sawa," alisema. "Si sawa. Lakini mama ataacha zile dawa." Akaingia kwenye umati wa soko, na Metrine akabaki ameketi mpaka miguu ikafa ganzi. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo akakuta bega limeshaharibika.

Alimpigia simu mamake jioni hiyo. Roselyne, ambaye sasa alikuwa mzee na aliuza makaa akiwa ameketi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye nilikufundisha hivyo," alisema.

"Ulinifundisha ya nyumba yetu, mama. Ile haikuwa nyumba yetu."

"Hapa Mitchelle analala kwa ile nyumba mpya ya mawe. Huwa namwekea jiko mvua ikinyesha."

Metrine alisimama wima. "Mama, litoe. Saa hii. Litoe nikisikia."

Alisikia mlango ukifunguliwa, na chuma kikikwaruza sakafu ya saruji, na sauti ya binti yake ikiuliza kwa nini.

Rispah hakupiga simu tena. Wakati mwingine Metrine alimwona kwenye kundi la maombi, jina tu, lisiloandika kitu. Mwaka ukageuka. Kisha, wiki ambayo magazeti ya simu yalianza kusema baridi ya kaskazini, uliingia ujumbe wa sauti, mfupi, bila salamu.

"Metrine. Familia ya huku inaenda kukaa Riyadh mpaka baridi iishe, na mimi naenda nao. Nimeambiwa chumba kiko juu kwa dari. Nikilala, dirisha niliache wazi kiasi gani?"

Metrine alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Aliisikiliza mara mbili. Alinawa, akajifuta, akatoka mpaka uani ambako angeweza kusema kwa sauti, akabonyeza kitufe.

"Kwanza uwaambie kabisa wasikuletee makaa," alianza. "Hata kama ni kwa wema. Dirisha, liache upana wa vidole vinne, kama kiganja kimelala. Lakini dirisha lisikufanye ukubali makaa, hapana. Waambie wakupe hita ya stima, na kabla ya kulala uizime, ujifunike. Blanketi nitakutumia, niko nazo mbili. Na ukifika unipigie, Rispah. Hata kama huna la kuniambia, nipigie tu nijue umeamka."